Uji Uliolala kwa Mama Mapazia

Maneno yenyewe yalinikuta nimeinamisha kichwa, nusu ya nywele imesukwa na nusu imesimama, kwa hiyo hata kukimbia nisingeweza.

"Mama Chiriku," msusi akaniambia, chanuo likiwa mdomoni, "kumbe mwanao siku hizi amehama?"

"Amehama kwenda wapi?"

"Mimi sina maneno ya watu. Ila juzi nilipitia kwa Mama Mapazia kuchukua pazia langu. Cherehani zinanguruma, lakini nikamsikia kwa masikio yangu haya anamwambia yule fundi wake wa pasi, 'Chiriku amelala hapa tangu jana.' Nikasema moyoni, haya, mama yake anajua."

"Najua," nikasema. Sikujua lolote.

"Ah, kama unajua, basi."

Akavuta nywele za kisogoni mpaka machozi yakanitoka, nami nikashukuru kwamba yamepata kisingizio.

Ninaandika haya kwa ajili ya mama yeyote mwenye mtoto mmoja na masikio mawili. Sikusoma sana, niliishia shule ya msingi, lakini kuandika naandika, na jambo hili nimeona nisikae nalo tumboni. Wewe uliye na watoto wengi pengine hutanielewa. Wako wakiondoka mmoja unabaki na wengine wa kugombana nao. Mimi ninaye huyo huyo Chiriku. Tulimpa jina hilo mimi na baba yake kwa sababu alianza kuongea hata meno hayajaota, na hajanyamaza mpaka leo, isipokuwa kwangu.

Mimi nafua mashuka ya hospitali, zamu ya usiku. Baba yake ni dereva wa lori la safari ndefu. Akija anakula, analala, anauliza soksi zake ziko wapi, anaondoka. Kwa hiyo usiku Chiriku hubaki nyumbani peke yake, mchana yeye yuko kazini na mimi nimejifunika shuka usoni, na jioni tunapishana mlangoni kama walinzi wanaopokezana lindo. Saa yetu ilikuwa asubuhi tu. Nilikuwa nikitoka kazini nafika nyumbani yeye ndiyo anaamka, naweka sufuria jikoni, na hapo ndipo tunakuwa mama na mwana. Asubuhi ilikuwa yangu. Ndiyo maana nasema mtu akikuchukulia asubuhi amekuchukulia mtoto.

Uji wenyewe ulianza hivi. Mwaka wake wa mwisho wa shule, Chiriku alianguka kwenye mstari wa asubuhi, puu, kama nguo iliyochomoka kwenye kamba. Daktari akasema hana ugonjwa, ila anaishi kwa maneno na hewa, asubuhi hali kitu. Nesi mmoja wa wodi ya watoto, ambaye mashuka yake huja kwangu, akanishauri nimpikie oti, zile punje bapa zinazouzwa kwenye pakiti. Siku ya kwanza nilizichemsha na maji na chumvi. Chiriku akainua kijiko, uji ukainuka wote na kijiko.

"Mama, huu ni uji au gundi ya kubandikia mabango?"

Sikukasirika. Siku ya pili nikausindikiza kwa ndizi mbivu iliyopondwa na mdalasini, akala. Siku ya tatu nikarudia vile vile, akasukuma bakuli. Nikaelewa mtoto niliyenaye. Tangu hapo haukurudiwa uji ule ule siku mbili mfululizo. Kuna siku ya karoti iliyoparuzwa na zabibu kavu. Kuna siku ya siagi ya karanga na tone la asali. Kuna siku ya kakao, ambayo aliita siku ya matope. Kuna siku nilizikaanga kwanza oti kavu kwenye kikaango mpaka zinukie kama mkate, ndipo nitie maziwa. Kuna siku nilipika bila sukari kabisa, nikaweka kitunguu, pilipili manga na yai juu yake, akanitazama kama nimepata wazimu, kisha akakwangua bakuli. Siku za mapumziko nilichanganya na mayai nikachoma vibapa, kama vichapati, kwenye kikaango. Sikuwa na ratiba ukutani. Nikifua usiku, mikono kwenye sabuni, kichwa kilikuwa kinapika.

Akiamka, kabla ya salamu, alikuwa anauliza, "Mama, leo uji umevaa nini?"

"Subiri uone."

Kisha anakaa, anakula, anaongea. Nani kasema nini, nani kamnunia nani, nani kavaa kiatu cha mwenzake. Mimi nilisimama pembeni, mgongo kwenye kabati, naangalia kijiko kinavyopanda na kushuka. Sikukaa. Tangu siku ile ya mstarini sikuweza kukaa. Ukikaa unaweza usione kama bakuli limekwisha au limefichwa chini ya kitambaa.

Alipomaliza shule akaenda kujifunza kushona mapazia kwa mwanamke wa barabara ya nyuma, mwenye karakana yenye kioo kikubwa mbele. Mtaa mzima unamwita Mama Mapazia. Mtu wa rika langu, mrefu, futi ya kupimia imezunguka shingoni kama mkufu, hana mtoto. Mwanzoni nilimshukuru. Kila nikimwona nilimwambia, "Asante mama kwa kunishikia mwanangu." Sasa nikilikumbuka neno hilo "kunishikia" natamani kulirudisha mdomoni. Kushika ni kushika kwa muda, mtu anajua.

Basi karakana ikapata kazi kubwa, mapazia ya hoteli nzima, vyumba kwa vyumba. Wakaanza kuingia kazini kabla hakujapambazuka. Nikirudi kutoka zamuni namkuta Chiriku ameshaondoka. Nikawa nampikia jioni kabla sijatoka, namwachia kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana. Asubuhi naikuta imejaa, uji umekuwa jiwe. Jioni moja mlangoni nikamuuliza.

"Chiriku, hukula?"

"Nimekula kazini, mama."

"Umekula nini?"

"Uji wa oti."

Angesema mkate, ningesema sawa. Angesema hajala, ningempigia kelele na roho ingetulia. Lakini oti! Oti ni zangu. Mimi ndiye niliyempeleka huko, mimi ndiye niliyemfundisha ulimi wake.

"Nani kapika?"

"Mama Mapazia anatutengenezea wote. Leo ulikuwa na embe na mbegu za maboga. Si kama wetu, mama. Wa kwake ni wa namna nyingine."

Sikuuliza namna gani. Kuuliza ni kukubali kwamba unataka kujua. Nikaenda nikaosha chupa ile kwa nguvu mpaka brashi ikapoteza meno.

Hapo ndipo tulipokuwa, msusi aliponiambia kwamba Chiriku amelala kule.

Nilitoka kwake na kichwa kilichosukwa upande mmoja. Nilimwambia nitarudi kumalizia. Njiani nilikuwa najifanya natembea, kumbe nakimbia. Mama mwingine angeuliza, pale kuna mwanamume gani? Nilijua hakuna, fundi wa pasi ni babu mwenye wajukuu na meno ya kubandika. Wasiwasi wangu haukuwa huo. Wasiwasi wangu ulikuwa kwamba anakolala mtu ndiko anakoamka, na anakoamka ndiko anakokula, na anakokula asubuhi ndiko kwao.

Nilifika nyumbani nikaingia chumbani kwa Chiriku moja kwa moja. Mimi mashuka nayasoma. Miaka yote hii naweza kukuambia shuka hili lilikuwa la mgonjwa wa homa, hili mtu hakulala usingizi, hili mtu alikaa tu kitandani akingoja kuruhusiwa. Nikaliinamia shuka la mwanangu. Limevutwa kama ngozi ya ngoma, pembe zimekunjwa kihospitali, hakuna hata mkunjo mmoja. Nani aliyemfundisha kutandika hivyo? Mimi. Shuka likanifungia mdomo kwa ufundi wangu mwenyewe.

Jioni, tulipopishana mlangoni, nilimzungukia.

"Usiku wa jana humu kulikuwa na joto?"

"Sijui, mama. Nililala kama gogo."

"Ulilala wapi?"

"Kitandani."

"Kitanda kipi?"

Akacheka. "Mama, kwani tunavyo vingapi? Na hizo nywele vipi, msusi amekufukuza?"

Nikaona ananikwepa. Mtu mwenye wivu akichekewa anaona amekwepwa. Usiku ule mashine ya kufulia ilikuwa inazunguka na mimi nazunguka nayo. Nikampigia baba yake, akiwa ameegesha lori mahali.

"Mtoto anakula kwa watu," nikamwambia.

"Anakula?"

"Anakula! Kila siku!"

"Si ndiyo tulikuwa tunataka? Mama Chiriku, yule mtoto alikuwa anaanguka kwa kutokula. Sasa anakula. Tatizo liko wapi?"

"Tatizo ni kwamba anakula!"

Nikasikia anatafuna kitu. Kisha akasema, "Lala kidogo ukitoka kazini," akakata simu. Wanaume wakishindwa kuelewa jambo wanakwambia ulale.

Wiki ile nilipika kama mtu anayepigana. Jioni nilikuwa naacha chupa mezani, na ndani ya chupa naweka kila nilichoweza kupata, tufaa lililochemshwa, zabibu, korosho, ndizi, asali, mdalasini, kakao, vyote siku moja. Siku moja nilimkuta bado hajatoka, anafunga kamba za viatu. Akafungua chupa, akachungulia.

"Ai, mama. Leo uji umevaa kama unakwenda harusini."

"Kaa ule."

"Nimechelewa."

"Vijiko viwili."

Akala viwili akiwa amesimama, mkoba begani, akinitazama machoni ili nione kwamba amemeza. Vilikuwa vijiko vya huruma. Hakuna kitu kinachochoma kama mtoto wako kukulia kwa huruma. Akanibusu shavuni akakimbia, na mimi nikabaki na chupa ya bwana harusi.

Asubuhi moja sikuweza tena. Nilimwomba mwenzangu wa zamu anyooshe mashuka yangu yaliyobaki, nikatoka mapema. Nyumbani nikamkuta ameshakwenda. Nikawasha jiko la mafuta ya taa, nikakaanga oti kavu kama anavyozipenda, nikatia maziwa, ndizi, mdalasini, uji wetu wa siku ile ya pili, ule wa kwanza aliokubali. Sikumimina kwenye chupa. Nikafunga sufuria nzima kwa taulo, kifuniko juu, nikaibeba barabarani kama mtoto mchanga.

Nilifika kwenye kile kioo kikubwa nikasimama. Ndani taa zimewaka. Meza ndefu ya kukatia imejaa kitambaa rangi ya maziwa. Fundi wa pasi anafukiza mvuke. Chiriku amekaa kwenye kigoda, miguu haigusi sakafu, mkononi ana kopo la kioo la jamu, anachota kijiko anaongea, anachota anaongea, mikono inaruka. Nilimwona anacheka mpaka anaegemea ukuta. Mazungumzo yangu yale! Yale ya asubuhi! Alikuwa anayamwaga kule. Na Mama Mapazia je? Amempa mgongo. Anakata kitambaa kingine pembeni, anaitikia "ehe," "ehe," hata hamwangalii kama anakula. Hilo ndilo lililonimaliza. Nikasema, tazama, hata hamjali, na bado mtoto anamaliza.

Nikaingia. Nikafungua taulo, nikatua sufuria mezani.

"Shikamoo, mama," Chiriku akaruka kutoka kwenye kigoda. "Kuna nini? Baba mzima?"

"Baba yako mzima. Kaa ule uji wa kwenu."

"Mama..."

Mama Mapazia akaweka mkasi chini. "Karibu, Mama Chiriku. Tungejua unakuja tungekuwekea kiti."

"Kiti sitaki. Nataka kujua kwa nini mwanangu analala kwako."

"Nani analala kwangu?"

"Usinigeuzie maneno. Mtaa mzima unajua. Umesema mwenyewe, 'Chiriku amelala hapa.' Mwanangu ana kwao, ana kitanda, ana mama. Kama wewe Mungu hakukupa wa kwako, usinyang'anye wa mwenzio kwa uji!"

Neno lilitoka. Niliona linavyotoka na sikuweza kulikamata. Pasi ikaacha kufuka. Yule babu akageukia ukuta akajifanya anakunja kitambaa kilichokuwa kimekwisha kunjwa.

Mama Mapazia hakupandisha sauti. Alinitazama kama anayepima dirisha. "Mimi nauza mapazia," akasema. "Watoto siuzi wala sinunui. Njoo."

Akafungua jokofu dogo chini ya meza. Ndani mmepangwa makopo ya kioo yaliyotumika, kila moja limefungwa shingoni utepe wa kitambaa wa rangi yake.

"Oti hizi sizipiki. Jioni naziloweka kwenye mtindi, naweka matunda, zinalala humu, asubuhi zimelainika zenyewe. Kazi ni nyingi, nani ana muda wa kukoroga? Huu wa utepe mwekundu ni wa babu hapa. Huu wa bluu ni wangu. Na wa njano, ndio anaoula Chiriku. Siku ile alikuwa hajala, amekwenda hotelini kupima madirisha mpaka jioni. Nikamwambia babu asiutupe. Nikasema, 'Wa Chiriku umelala hapa tangu jana.' Umelala, mama. Uji. Umelala."

Umelala. Amelala. Jaribu kusema haraka, cherehani zikinguruma, mtu akiwa na hamu ya kusikia habari. Lile 'wa' likimezwa na cherehani, tofauti inayobaki ni herufi moja, ile ile ya kwanza tunayofundishwa darasani, na mimi kwa herufi hiyo nilikuwa nimeshamwambia mwanamke aliyekosa mtoto kwamba Mungu hakumpa.

Hata hapo wivu haukutoka. Nitakuwa mwongo nikisema ulitoka. Nilijisikia nasema, "Kwa hiyo mwanangu unamlisha kiporo?"

"Mama," Chiriku akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, siijui. "Toa sufuria."

"Nini?"

"Toa sufuria kwenye kitambaa, mama."

Nikainua. Chini ya sufuria, juu ya kile kitambaa cha rangi ya maziwa, palikuwa na duara jeusi la masizi, limekamilika kama limepimwa kwa bikari. Nikachukua taulo nikafuta. Likatanuka. Chiriku akanishika mkono akaniondoa, taratibu, kama mgonjwa.

Ndilo pazia la kwanza alilokata peke yake. Hakuniambia yeye, aliniambia yule babu nje, akinisindikiza. Siku ile Mama Mapazia alimwachia mkasi kwa mara ya kwanza, pazia la ukumbi wa hoteli, kipande kimoja kirefu bila kiungo. Chiriku alikuwa amepanga kuniambia jioni tutakapopishana.

"Doa la masizi kwenye kitambaa kile halitoki," babu akasema. "Itabidi kitafutwe kingine, na hoteli wanataka vitu vyao. Mama, nenda ukapumzike."

Jioni ile mlangoni sikupishana na mtu. Simu ikalia.

"Mama, kitambaa kimepatikana. Tunakata upya. Nitalala huku."

"Mpaka lini?"

"Mpaka tumalize."

Basi msusi akawa mkweli, akiwa amechelewa kidogo tu. Mwanangu alilala kwa Mama Mapazia, na aliyemlaza kule ni mimi na sufuria yangu.

Kazi ya hoteli ikaisha. Niliyaona mapazia yakipakiwa kwenye gari. Chiriku hakurudi. Alikuja mchana mmoja nikiwa nimelala, akachukua nguo, akatandika kitanda chake upya, pembe za kihospitali. Nilipompigia, hakunifokea. Afadhali angenifokea.

"Kile chumba cha nyuma kinanitosha, mama. Nalipenda lile dirisha."

"Hata hapa pana dirisha."

"Mama, nikuambie kitu usikasirike?"

"Sema."

"Ukinilisha huwa najiona kama nafanya mtihani. Unasimama pale unaangalia kijiko. Miaka yote hii. Nikiongea sana ni ili usitazame bakuli, utazame mimi. Huku mtu ananipa mgongo. Nakula tu."

Nilisema, "Nikisimama ni kwa sababu ulianguka."

"Najua, mama. Lakini mimi nilishasimama."

Nilikaa na maneno hayo siku nyingi, mikono kwenye sabuni. Kisha nikafanya kitu ambacho ningeapa sitakifanya. Nikaosha kopo la jamu, nikaloweka oti kwenye mtindi, nikakata embe, nikanunua mbegu za maboga. Sikuonja. Ningeonja ningeona ni tamu, na sikuwa tayari. Nikafunika, jioni kabla ya zamu nikapeleka karakana. Safari hii niligonga mlango.

Mama Mapazia ndiye aliyefungua. Nyuma yake, mlangoni mwa chumba cha nyuma, niliona ndala za Chiriku zimewekwa sambamba, zimeelekezwa ndani. Nyumbani alikuwa anazirusha, moja hapa, moja chini ya meza. Hata ndala zimepata adabu za kule.

"Chiriku amelala," Mama Mapazia akasema. "Walikwenda kutundika mapazia kwa mteja tangu alfajiri."

"Amelala."

"Amelala," akarudia, na nikaona pembe ya mdomo wake inataka kucheka ikajizuia.

"Dada," nikasema, "lile neno langu..."

"Lile neno nimelisikia kabla yako. Si wewe wa kwanza." Akanyoosha mkono. "Lete kopo."

Hakusema amenisamehe na sikumlazimisha. Nilimwona akiinama, akalitia kwenye jokofu, kando ya la njano. Uji wangu nao ukalala kule. Nilikwenda kazini usiku ule nikiwa nalionea wivu kopo la jamu.

Kopo likarudi baadaye, babu wa pasi alilipitisha nyumbani. Limeoshwa. Shingoni limefungwa utepe wa kitambaa rangi ya maziwa, na pembeni mwa utepe kuna alama nyeusi ya masizi, sehemu ya lile duara. Nimeugeuza utepe ule huku na huku. Sijui kama ni salamu au ni kumbusho. Nimeuacha pale pale.

Jumapili iliyopita akaja. Aliingia bila kubisha hodi, hilo lilinifurahisha. "Mama, leo uji umevaa nini?" Nilimpakulia, ndizi na mdalasini, basi, hakuna harusi. Nikaweka bakuli mezani nikageuka, nikampa mgongo, nikaanza kuosha sufuria iliyokuwa safi. Mama mwenzangu, kusugua masizi ya miaka ni rahisi kuliko kusimama hivyo. Nilisikia kijiko. Nilisikia kimya. Sikugeuka. Kijiko tena. Kisha akaanza, "Mama, unajua yule meneja wa hoteli..." na habari zikamwagika, na mimi nikawa naitikia "ehe," "ehe," nikiutazama ukuta.

Alipoondoka bakuli lilikuwa tupu. Nililiangalia baada ya mlango kufungwa, hilo siwezi kuacha. Alikwenda kulala kule. Hajasema atarudi lini, na mimi sijauliza. Asubuhi sita za wiki bado ni za Mama Mapazia na bado zinanichoma, nikipita pale natazama upande wa pili wa barabara. Lakini moja nimerudishiwa, na hiyo sitaki ikuponyoke wewe ambaye bado unazo zote. Kwa hiyo epuka haya:

Usichukue neno kwa mtu aliyelisikia cherehani zikinguruma.

Usimzunguke mtoto kwa maswali ya joto na vitanda. Muulize ulilala wapi, akijibu, amini.

Usimsimamie mtu mzima akila.

Usitie vitu vyote kwenye uji mmoja kwa hasira. Kimoja au viwili vinatosha, na kesho ubadilishe.

Usiache kubadilisha.

Usimtajie mwanamke yeyote kile ambacho hakupewa.

Usiseme "kiporo" kabla hujaonja. Mimi nimeonja juzi. Ni tamu, na sijamwambia mtu.

Usitoke kwa msusi kabla hajamaliza upande wa pili.

Usitue sufuria juu ya kitu ambacho hujauliza ni cha nani.